Kupenyeza jeni kwenye seli kwa peptidi: shajara ya benchi letu

Maabara yetu iko Dar es Salaam na ni ndogo: meza mbili, inkubeta moja, darubini ya mng'ao iliyozeeka, na friza ambayo mlango wake unafungwa kwa goti. Tuko watatu: mimi niliye mwanafunzi wa uzamili, fundi wa maabara ambaye sote twamwita Dada, na Dokta anayetusimamia. Tunataka kuingiza plasmidi (duara dogo la DNA) yenye jeni ya GFP, ile protini inayong'aa kijani, ndani ya seli za HEK293, seli za figo za binadamu zinazokuzwa maabarani, mbebaji akiwa peptidi tu, yaani kipande kifupi cha protini. Hatuna mafuta maalumu ya kubebea wala mashine ya kupiga seli shoti ya umeme.

Sababu ya kuhangaika hivi ni ugonjwa wa seli mundu. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha Casgevy, tiba inayohariri jeni kwenye seli za mgonjwa mwenyewe, kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Seli hutolewa mwilini, hupigwa shoti ili utando ufunguke, kifaa cha kuhariri kikaingia, kisha hurudishwa. Mwaka huohuo watafiti wa California walichapisha njia waliyoiita PERC: badala ya shoti, peptidi inachanganywa na kifaa cha kuhariri, kisha vyote vinamiminwa juu ya seli. Unachohitaji ni pipeti. Mimi pipeti ninayo.

10 Februari 2025: kuchagua na kuagiza

Mwaka 1988 makundi mawili, kila moja kivyake, yalikuta kwamba protini ya Tat ya virusi vya UKIMWI ikiwekwa kwenye midia, kimiminika cha kulishia seli, inaingia yenyewe ndani ya seli. Baadaye ikajulikana kuwa kazi hiyo inafanywa na kipande kifupi kilichojaa arginini, moja ya asidi amino, yaani matofali ya protini. Mwaka 1994 kikapatikana kipande kingine, kutoka protini ya inzi wa matunda, kikaitwa penetratini. Tangu hapo orodha imekuwa ndefu kama foleni ya Mbagala Ijumaa jioni.

Tulilinganisha chache kwenye makaratasi tukaishia kwa RALA, iliyochapishwa mwaka 2014 na kundi la Helen McCarthy wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast. Ina asidi amino 30: WEARLARALARALARHLARALARALRACEA. Isome kwa sauti, utadhani kibwagizo. Ikijikunja kama springi, arginini zake 7 zenye chaji chanya zinakaa upande mmoja na leusini zake 6 zinazopenda mafuta upande mwingine. Chaji chanya zinaikumbatia DNA, yenye chaji hasi, mpaka inakuwa kidonge kidogo. Seli inakimeza kidonge hicho ndani ya kifuko. Kifuko kikianza kuwa na asidi, RALA inajikunja vizuri zaidi na kuupasua utando wake. Ndivyo karatasi zinavyosema.

Tumeagiza miligramu 20, usafi asilimia 95, kwa dola 460. Usafiri dola 65. Plasmidi tumepewa bure na jirani wa ghorofa ya juu, nasi tumeizalisha kwenye bakteria wa E. koli na kuitoa kwa seti ya kawaida ya vifaa.

19 Machi: mzigo umefika

Umekaa forodhani siku 11. Safari hii sikulia, maana peptidi ni unga mkavu na haihitaji barafu kavu. Wakala wa forodha kachukua shilingi 180,000. Ukiagiza, mwambie muuzaji aandike waziwazi kwenye karatasi za mzigo kwamba ni kemikali ya utafiti iliyotengenezwa maabarani, haina asili ya mnyama. Sisi hatukufanya hivyo, tukaulizwa cheti cha mifugo.

4 Aprili: jeli inasema peptidi haifai kitu

Jaribio la kwanza ni rahisi. Changanya DNA na peptidi kwa viwango tofauti, pitisha kwa umeme kwenye jeli ya agarosi. DNA iliyo huru inakimbilia upande chanya, iliyokumbatiwa inabaki kisimani, kwenye kishimo ilimopakiwa. Kiwango kinapimwa kwa uwiano wa N/P, yaani chaji chanya za peptidi kwa kila fosfeti ya DNA.

Tuliweka N/P 1, 2, 4, 6, 8, 10 na 12. Kote DNA ilikimbia kana kwamba peptidi haipo. Tukarudia, matokeo yakawa yaleyale. Nikaanza kumwandikia muuzaji barua ya malalamiko, tena ya maneno makali.

25 Aprili: mhalifu alikuwa rangi

Wiki tatu zimekwenda. Nimebadilisha bafa, nimetengeneza plasmidi upya, nimeongeza muda wa kuchanganya mpaka saa mbili, na kila mara DNA inakimbia.

Aliyegundua ni Dada. Alikuwa anapanga kabati, akachukua kichupa cha ile rangi ya zambarau tunayochanganya na sampuli ili izame kisimani, akasoma maandishi madogo ya pembeni.

"Mdogo wangu, humu si mna SDS?"

SDS ni sabuni, na ina chaji hasi. Kazi yake kwenye rangi hiyo ni kung'oa protini zilizoshikilia DNA ili mstari uwe safi. Kila sampuli niliyotengeneza kwa uangalifu niliiosha kwa sabuni sekunde chache kabla ya kuipakia. Peptidi ilikuwa inafanya kazi siku zote, mimi ndiye nilikuwa naing'oa.

Dawa yake ilikuwa kabatini: gliseroli ya asilimia 30, bila rangi yoyote, ili sampuli izame. Rangi iweke kwenye njia yake pembeni, peke yake, uone jeli imefika wapi. Jeli mpya ilionyesha DNA inaanza kubaki kwenye N/P 2, na kuanzia 4 hakuna kinachotoka. Halafu nikaongeza sabuni kwa makusudi kwenye sampuli ya N/P 10, DNA ikatoka nzima nzima. Hilo ni jaribio zuri kwa haki yake, maana linathibitisha kuwa kidonge kinaweza kufunguka na DNA haikuharibika. Siku hizi naliweka kwenye kila jeli.

Hasara: wiki 3, mikrogramu 60 za plasmidi, miligramu 1.8 za peptidi, na barua moja ambayo namshukuru Mungu sikuituma.

2 Mei: gramu zinazodanganya

Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu nimeona wengi wakilipita.

Hesabu ya N/P iko hivi. Mikrogramu 1 ya DNA ina nanomoli 3 hivi za fosfeti. RALA moja ina arginini 7 na uzito wa molekuli wa 3,328. Kwa hiyo N/P 1 inahitaji mikrogramu 1.45 za RALA kwa kila mikrogramu 1 ya DNA, na N/P 10 inahitaji 14.5. Mimi nilipima miligramu 1 ya unga, nikauyeyusha kwenye mililita 1 ya maji, nikaita miligramu 1 kwa mililita. Nani asingefanya hivyo?

Dokta alipitia daftari langu akauliza: "Unga huo ni peptidi tupu?"

Si peptidi tupu. Peptidi za kununua husafishwa kwa asidi iitwayo TFA, na kila chaji chanya inabaki imeng'ang'aniwa na molekuli moja ya asidi hiyo. RALA ina chaji 9 za namna hiyo, ukihesabu arginini 7, histidini, na mwanzo wa mnyororo. Piga hesabu: TFA peke yake ni karibu asilimia 24 ya uzito wa unga, na bado hujahesabu unyevu. Ile asilimia 95 ya usafi kwenye cheti haihusiani na jambo hili. Inasema tu kwamba peptidi iliyomo ni RALA na si vipande vilivyokatika.

Njia ya kujua ukweli haina gharama. RALA ina triptofani moja, na triptofani inafyonza mwanga wa nanomita 280. Miligramu 1 kamili kwa mililita ingesoma 1.65. Yangu ilisoma 1.16. Yaani nilikuwa na miligramu 0.70, na kila niliposema "N/P 10" nilikuwa kwenye 7. Kutoka leo hesabu zote ni za mwanga, si za mizani. Jeli ya tarehe 25 nimeirekebisha kwa penseli: ile 4 ni 2.8.

16 Mei: seli kwa mara ya kwanza, na makapi

Tumepanda HEK293 kwenye kisahani cha visima 24. Kila kisima mikrogramu 0.5 za DNA, peptidi mikrogramu 7.25 (kwa myeyusho wangu ni maikrolita 10.4), N/P 10 ya kweli. Nilichanganya ndani ya PBS, maji ya chumvi ya maabara, kwa sababu seli zinaipenda PBS.

Baada ya dakika 20 mchanganyiko ulikuwa kama maji ya mchele. Chini ya darubini, juu ya seli, palijaa makapi. Kesho yake seli 2 katika kila 100 ziling'aa na nyingi zilikuwa zimekufa.

Kosa ni chumvi. Vidonge hivi vinatengana kwa sababu vyote vina chaji chanya kwa nje na vinasukumana. Chumvi ya PBS inaifunika chaji hiyo, msukumano unapoa, vidonge vinagandana. Tengeneza vidonge kwenye maji safi kabisa. Weka DNA kwanza, kisha peptidi kwa mkupuo mmoja, si tone kwa tone, piga pipeti mara tano, acha dakika 30 kwenye joto la chumba. Ndipo uvipeleke kwenye midia. Mchanganyiko mzuri unaonekana kama maji tu. Ukiona ukungu, umwage, usijidanganye.

Kwa maji safi: seli 6 katika 100.

3 Juni: tulipiga vigelegele mapema

Seli 6 katika 100 ni chache, tukataka kuona peptidi inakwama wapi. Mwenzetu wa maabara nyingine alikuwa na mabaki ya R9, arginini 9 mfululizo, iliyopakwa rangi ya kijani. Tukaiweka kwenye seli nusu saa, tukaziosha, tukazitia formalini ili zitulie, tukaangalia.

Viini vyote viling'aa kama taa za Kariakoo usiku. Dada alipiga kigelegele kweli, sisemi kwa mfano. Nilipiga picha 14, nikaziweka kwenye slaidi, nikaandika kichwa: "Peptidi yafika kwenye kiini ndani ya dakika 30."

Dokta alitazama picha ya kwanza tu. "Seli hizi zilikuwa hai?"

Alinipa kazi ya kusoma, na kisa chenyewe kizuri. Mwaka 1997 kundi la Bernard Lebleu huko Montpellier liliripoti kwamba kipande kifupi cha Tat kinapita utando wa seli kwa kasi na kurundikana kwenye kiini. Mwaka 2003 kundi hilohilo, pamoja na wenzao, likarudi na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya picha za namna hiyo inatokana na kuzitia seli dawa ya kuzituliza, hata kwa upole. Dawa inavuruga utando, peptidi iliyokuwa imenata nje au kunaswa kwenye vifuko inamwagika, na kwa kuwa ina chaji chanya inakimbilia DNA ya kiini. Unaona ndani kilichokuwa nje. Si jambo dogo watu kuusahihisha ugunduzi uliowapa jina.

Tulirudia na seli hai, bila formalini. Viini vyeusi. Ndani ya seli kuna nukta nukta, na ukingoni duara linalong'aa. Tukaziosha kwa tripsini dakika 5, kimeng'enya kinachokatakata peptidi iliyonata nje, duara likatoweka na mng'ao kwa jumla ukapungua kupita nusu. Zilizobaki ni zile nukta, yaani vifuko.

Slaidi nimezifuta. Picha moja nimeibakiza ukutani juu ya sinki.

Ukitaka kuiga: angalia seli zikiwa hai, zioshe kwa tripsini kwanza, na usiamini rangi iliyopakwa kwenye peptidi ikuambie kama DNA imefika. GFP ndiyo shahidi, kwa sababu haitengenezwi mpaka jeni ifike kwenye kiini na isomwe.

27 Juni: kloroquini kama mpelelezi

Kwa hiyo mlango wa mbele si tatizo. Seli inavimeza vidonge bila shida, vinabaki kifungoni. Swali likawa: RALA yetu inapasua vifuko au haipasui?

Kloroquini inajibu swali hilo kwa bei nafuu. Ndiyo, ileile ya malaria, ambayo Tanzania iliiondoa kwenye mstari wa mbele mwaka 2001, na ambayo wenye umri wangu tunaikumbuka kwa muwasho kuliko kwa uponyaji. Inapenda kurundikana kwenye vifuko vyenye asidi, vinavimba na kupasuka. Ukiiongeza na GFP ikapanda sana, ujue DNA ilikuwa imekwama na peptidi haijitoshelezi.

Mikromola 100, saa 4, kisha unabadilisha midia. Ukizidisha muda unaua seli, usiende nayo mpaka asubuhi kama nilivyofanya mara ya kwanza.

Bila kloroquini: 6 katika 100. Pamoja nayo: 19. Peptidi yetu ilikuwa haipasui kitu.

Nilirudi kwenye daftari kutafuta tofauti kati yetu na Belfast. Kichupa changu cha peptidi nilikuwa nimekiyeyusha na kukigandisha tena mara sita tangu Aprili. Asidi amino ya 28 ya RALA ni sisteini, na sisteini mbili zikikutana kwenye maji yenye hewa zinashikana mikono. Mshukiwa wangu ni huyo: springi mbili zilizofungwa pamoja mkiani. Nikafungua unga mpya, nikayeyusha, nikapima kwa mwanga, nikagawa kwenye vichupa vya matumizi ya mara moja, maikrolita 50 kila kimoja. Kinachobaki kinamwagwa, hata kikiuma moyo.

Kwa peptidi mpya: bila kloroquini 17 katika 100, pamoja nayo 21. Sasa inapasua yenyewe.

24 Julai: seramu, na hesabu za fedha

Mambo mengine yalikwenda haraka. N/P 8 ilitoa 9 katika 100, 12 ikatoa 23, 15 ikafanya seli zivimbe mviringo na kuelea. Tumebaki na 12. Saa 4 zinatosha, ukiacha saa 6 huongezi kitu.

Seramu, yale majimaji ya damu yasiyo na chembe, ndiyo iliyotusumbua. Hayo yote ni kwenye midia isiyo na seramu kwa saa 4 za mwanzo. Tukiacha asilimia 10 ya seramu ya ndama tangu mwanzo, 23 inashuka mpaka 5. Protini za seramu, nyingi zikiwa na chaji hasi, zinajibandika kwenye kidonge. Nilimwambia Dokta si tatizo, tunaondoa seramu tu. Akacheka: "Mgonjwa hana midia isiyo na seramu." Ni kweli kwa sindano ya mshipani. Kwa seli zinazotolewa mwilini na kutibiwa kwenye kisahani, kama za seli mundu, unaweza kuiondoa kwa saa nne na kuirudisha, na ndiyo maana nalishikilia wazo hili bado.

Fedha. Unga wa miligramu 20 ni peptidi miligramu 14, ambayo kwa N/P 10 ni visima kama 1,930. Ukigawa dola 525 za bei na usafiri, ni senti 27 za dola kwa kisima. Kwa N/P 12, senti 33. Mafuta ya kubebea tuliyokuwa tukinunua kwa wakala wa hapa yalitugharimu karibu dola 1 kwa kisima. Lakini yalikuwa yanang'arisha seli zaidi ya 60 katika 100, na sitaki mtu aje kunilaumu kwamba sikusema. Isitoshe, makosa yangu ya Aprili mpaka Juni yalikula miligramu 5 za unga, robo ya mzigo mzima.

21 Agosti: kukausha, umeme, na maembe

Kilichotuvuta kwa peptidi ni pia hiki: vidonge vya RALA na DNA vinaweza kukaushwa kwa kugandishwa, pamoja na sukari ya trehalosi, vikawa unga unaoongezewa maji siku ya kazi. Kwa mtu anayeishi na friza kama yetu, hilo si jambo la kupuuza.

Mashine ya kukausha tunaazima idara ya chakula, wao wanakaushia maembe. Tulipewa usiku wa Jumanne. Umeme ukakatika saa nane usiku kwa dakika 50 na jenereta haikuwaka. Asubuhi vichupa 12 vilikuwa na nta ya kunata badala ya keki nyeupe. Visima vilivyotokana navyo: 1 katika 100.

Wiki hii tumerudia, mchana, Dada akiwa amekaa pembeni ya mashine na kitabu chake. Safari hii tuliweka vichupa 6 bila trehalosi na 12 vyenye trehalosi. Visivyo na sukari, ukitia maji, vinatoa ukungu uleule wa mwezi Mei. Vyenye sukari vinayeyuka kwa sekunde chache na maji yanabaki maangavu. Vitatu nimekwisha kuvijaribu: 20 katika 100, dhidi ya 23 za vibichi.

Vichupa 9 vilivyobaki viko kwenye droo ya meza, si kwenye friza. Kipimajoto cha droo kinasoma nyuzi 29. Vitatu nitavifungua tarehe 18 Septemba, vitatu Novemba, vitatu Februari. Mashine ya maembe inanukia kwenye mfuniko wa kila kimoja.